Saketi ya opampu imekupa 60k, karatasi inasema hasi 15k: tuanze mwanzo

Kwa mgeni wa mambo haya: opampu ni chipu ya kukuza volteji, ina miguu miwili ya kuingizia, wa chanya na wa hasi, na mmoja wa kutolea unaoitwa autiputi. Grauni ni pointi ya volti 0, na k ni ohm elfu moja. Swali lililoletwa ni hili, nimelifupisha kidogo tu:

"Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili diploma ya umeme hapa Mwanza, nakaa Igoma. Tumepewa saketi ya opampu moja na resista tatu, tutafute resistansi ya jumla kati ya pointi A na grauni. 20k imetoka autiputi imekuja mguu wa hasi, 10k imetoka mguu wa hasi imeenda grauni, 30k imetoka autiputi imekuja mguu wa chanya, na huo mguu wa chanya ndo A yenyewe. Mimi nimepata 60k, mwenzangu kapata 10k, mwingine kapata 30k, halafu jibu lililo nyuma ya karatasi ni hasi 15k. Nimeiunga kabisa nikapima na mita, namba zinarukaruka hazieleweki. Hivi resistansi hasi ipo kweli au karatasi imekosewa?"

Marahaba mdogo wangu. Karatasi haijakosewa, ni hasi 15k kweli, na saketi yako inaonekana umeiunga vizuri tu. Nimefurahi umeniletea na majibu ya wenzako maana kila moja limetoka kwenye kosa lake na hayo makosa matatu ndo karibu yote ninayokutana nayo nikisahihisha hizi hesabu, kwahiyo ngoja tuyapitie moja moja kabla ya kwenda kwenye jibu.

Wewe umepata 60k. Hapo umeing'oa opampu ukaiweka mezani. Ukiiondoa kinachobaki ni njia moja tu, unatoka A unapita 30k unafika autiputi, unapita 20k unafika mguu wa hasi, unapita 10k uko grauni, jumla 60. Hesabu ni sahihi, ila umejibu swali la saketi ambayo haina opampu.

Mwenzako wa 10k amekumbuka kwamba miguu miwili ya opampu inakaa kwenye volteji moja, afu akaichukulia kama imeungwa kwa waya. Akishaweka waya pale, A inakuwa sehemu moja na mguu wa hasi, inabaki 10k ya kwenda grauni na zile mbili nyingine zinazunguka zenyewe bila kwenda popote. Hili kosa ni la mtu anayeelewa, na ndo maana ni baya zaidi. Volteji kuwa sawa sio waya. Wewe na jirani yako saa zenu zinaweza kusoma saa nne kamili wote wawili na hamna kitu chochote kinachoziunganisha, kila moja ina betri yake. Miguu ya opampu iko hivyo, volteji zinalingana kwa sababu autiputi inahangaika muda wote kuzilinganisha, lakini karenti haivuki kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

Wa tatu wa 30k amefuata alichofundishwa kuhusu Thévenin, ile njia ya kuigeuza saketi nzima kuwa chanzo kimoja na resista moja, kwamba kabla ya kutafuta resistansi unazima vyanzo vyote, basi akaizima autiputi ya opampu, akaifanya grauni. A ikabaki na 30k yake. Shida ni kwamba ile kanuni inasema unazima vyanzo huru, yani betri na jenereta ambazo volteji yake haijali kinachoendelea kwenye saketi. Autiputi ya opampu ni chanzo tegemezi, inafuata kinachotokea kwenye miguu, ukiizima umeondoa tabia yenyewe unayotakiwa kuipima. Chanzo tegemezi hakizimwi. Hili liandike kwenye daftari kwa kalamu nyekundu.

Sasa jibu. Ukiona opampu, au transista, au chochote kinacholishwa umeme wa pembeni, sahau mambo ya mfululizo na sambamba kwa muda, rudi kwenye maana ya resistansi yenyewe: nikisukuma volti 1 hapa, itaingia karenti kiasi gani? Basi. Volti gawanya kwa karenti. Hata zile fomula za mfululizo na sambamba zimetoka hapo hapo, ni njia ya mkato inayofanya kazi pale ambapo hamna mtu mwingine anayesukuma ndani ya saketi.

Chukua volti 1 weka A. Mguu wa chanya uko kwenye volti 1, kwahiyo mguu wa hasi nao unaletwa kwenye volti 1. Kwenye ile 10k ya kwenda grauni inapita 0.1 mA. Hiyo 0.1 mA haiwezi kutoka ndani ya mguu wa hasi maana mguu hautoi wala haupokei karenti ya maana, inatoka kwenye 20k, na 0.1 mA kwenye 20k ni volti 2. Kwahiyo autiputi iko volti 2 juu ya mguu wa hasi, yani volti 3. Hapo tulia uangalie ile 30k. Upande mmoja kuna volti 1 yako, upande wa pili kuna volti 3. Karenti inaelekea wapi? Inakuja kwako! Tofauti ni volti 2, gawanya kwa 30k, ni kama mikroampia 67, zinatoka autiputi zinaingia kwenye chanzo chako. Wewe umesukuma volti 1 kwa nguvu zako zote na saketi imekurudishia karenti. Volti 1 gawanya kwa hasi mikroampia 66.7 ni hasi 15k.

Kama bado inakukaa vibaya kichwani, fikiria hizi nyumba zetu za milimani, maana wewe mtu wa Mwanza unajua shida ya kupandisha maji kwenye majabali. Una simtanki lako, jirani ana lake, kuna bomba kati yenu. Kwa kawaida wewe ukijaza lako maji yanaenda kwa jirani, na bomba jembamba linapitisha kidogo, hiyo ndo resistansi ya kawaida. Sasa jirani kafunga pampu yenye akili, inaangalia kina cha maji kwako na kujaza tanki la jirani mpaka kina kifike mara 3 ya chako. Wewe ukiwa na mita moja yeye ana tatu, maji yanakuja kwako. Ukiongeza yako yafike mita mbili yeye ana sita, yanakuja kwako kwa kasi zaidi. Ukikaa upande wako bila kujua habari ya pampu utaona bomba la ajabu, kadri unavyosukuma ndo kadri linavyokurudishia. Hamna sheria iliyovunjwa, bili ya umeme wa pampu inalipwa na jirani. Kwenye saketi yako bili inalipwa na zile betri zinazolisha opampu.

Na hapa kuna kitu nataka ukishike kwa sababu kitakusaidia kwenye maswali mengine yote, na kitakuonyesha kwamba lile jibu la mwenzako wa tatu lina undugu na hili la karatasi. Chukua resista yoyote R iliyotoka kwenye pointi yako ikaenda kwenye autiputi, na autiputi inafuata pointi yako mara K. Ukiweka V, upande wa pili ni KV, tofauti ni V kutoa KV, karenti ni hiyo tofauti gawanya kwa R. Kwahiyo resistansi unayoiona ni R gawanya kwa (1 − K). Wazo hili lina zaidi ya miaka mia, John Miller wa Marekani alilitoa mwaka 1920 akiwa anashughulika na taa za redio za wakati ule, yani vali zilizokuwa zinakuza umeme kabla ya transista, hata opampu hazijazaliwa.

Sasa jaza K tofauti tofauti. K ikiwa 3 kama kwako, 30k gawanya kwa hasi 2, hasi 15k, jibu la karatasi. K ikiwa 0 yani autiputi haisogei, unapata 30k yenyewe, ndo jibu la yule mwenzako wa tatu, alipata jibu sahihi la opampu iliyokufa. K ikiwa 0.9 unapata 300k, resista ya 30k imejifanya kubwa mara kumi. K ikifika 1 kamili, pande zote mbili ziko sawa, hamna karenti kabisa, resista iko pale unaiona kwa macho lakini kwa umeme haipo. Watu wa vipaza sauti wanautumia huu ujanja ili resista isiilemee maikrofoni. K ikivuka 1 ndo unaingia kwenye hasi. Yani resistansi hasi sio mnyama wa ajabu aliyetoka porini, ni stesheni inayofuata kwenye reli ile ile.

K nayo inaweza kuwa hasi, na hapo ndo ilipo ampu ya kugeuza (autiputi inakwenda kinyume na inputi) ambayo mmeshaisoma: inputi inapita R1 ya 10k mpaka mguu wa hasi, kuna 20k ya fidibeki, yani inayorudisha umeme kutoka autiputi, mguu wa chanya uko grauni. Wengi wakiulizwa resistansi ya inputi wanajumlisha 10 na 20 wanaandika 30k. Jibu ni 10k tu. Kwa nini ile 20k haihesabiwi? Opampu ya 741, aina moja maarufu, ina ukuzaji wa ndani wa kama 200,000, kwahiyo ukikaa kwenye mguu wa hasi K ni hasi 200,000, na 20k gawanya kwa 200,001 ni 0.1 ya ohm. Haijapotea, imeminywa mpaka ikawa kama kipande cha waya, na ndo sababu tunasema pale kuna grauni ya kubuni, pointi inayokaa volti 0 bila kuungwa grauni. Ampu isiyogeuza yenyewe haina mjadala mrefu, inputi imeingia moja kwa moja mguu wa chanya, resistansi ni kubwa sana, kwa hesabu zenu andika haina mwisho.

Kwa nini mtu ahangaike na haya yote? Ntakupa moja iliyonipata mwenyewe. Kuna jamaa wa vizimba vya samaki ziwani aliniomba nimtengenezee kifaa cha kusoma joto la maji. Nikatumia themista, resista inayobadilika na joto, ya 10k, hizi ambazo kwenye nyuzi 25 zinasoma 10k, nikaipanga na resista nyingine ya 10k chini ya volti 5, kwahiyo kwenye nyuzi 25 nategemea volti 2.5 katikati. Nikaipima mezani, 2.5 safi. Nikaiunga kwenye ampu ya kugeuza yenye R1 ya 10k, ile katikati ikashuka ikawa 1.67. Nilibadilisha themista mbili nikidhani ni mbovu, nikabadilisha na aisii (chipu ya opampu), siku nzima imeisha. Kosa lilikuwa langu: zile 10k mbili zinaonekana kutoka nje kama 5k, nimezipa mzigo wa 10k, 2.5 mara 10 gawanya kwa 15 ni 1.67 kamili, namba ilikuwa inanipigia kelele na mimi sisikii. Nilipoweka opampu ya kufuata katikati (autiputi inafuata inputi bila kuikuza), inputi yake iko mguu wa chanya, 2.5 ikarudi palepale. Tangu siku hiyo kabla sijaunga saketi mbili najiuliza huyu anayepokea anaonekanaje kwa huyu anayetoa. Hiyo ndo resistansi ya jumla, ndo kazi yake yote.

Turudi kwenye mita yako kurukaruka. Hili ni swali zuri kuliko la karatasi. Mita ikiwa kwenye upande wa ohm haisukumi volti, inasukuma karenti kidogo ya kwake na kuangalia volteji inayotokea. Sasa saketi yako ina fidibeki mbili kwa wakati mmoja, moja inatulia kupitia mguu wa hasi na nyingine inachochea kupitia mguu wa chanya, na inayotuliza lazima ishinde. Inayotuliza inarudisha 10 ya 30, yani theluthi moja ya autiputi. Inayochochea inategemea umeweka nini kati ya A na chanzo chako: ukiweka resista Rs inarudisha Rs gawanya kwa (Rs + 30k). Ukifanya hesabu utaona Rs ikiwa chini ya 15k utulivu unashinda, ikizidi 15k kichocheo kinashinda na autiputi inakimbilia kwenye dari ya betri. Angalia ile 15k imejitokeza tena yenyewe, sio bahati, ndo resistansi yako hasi imekutana na chanya ya ukubwa huo huo. Mita inayosukuma karenti ni kama chanzo chenye Rs kubwa sana, kwahiyo umeipeleka saketi kwenye upande usiotulia na ikakujibu ovyo. Mita haina kosa, wewe huna kosa, ni kipimo tu hakifai kwa kitu hiki.

Kipimo kinachofaa ni hiki, na unaweza kukifanya leo usiku kama maduka ya vifaa ya Makoroboi hayajafungwa. Chukua 741 moja na betri mbili za volti 9. Unganisha betri mbili kwa mfululizo, katikati yake ndo grauni yako, chanya ya juu iende mguu namba 7, hasi ya chini iende mguu namba 4. 20k weka kati ya mguu wa 6 na wa 2, 10k kati ya mguu wa 2 na grauni, 30k kati ya mguu wa 6 na wa 3. Mguu wa 3 ndo A. Kumbuka kuhesabu miguu kuanzia kwenye kidoti, nimeona aisii nyingi zikipata moto kwa sababu ya kuigeuza. Kama utapata resista za asilimia 1 zichukue, za asilimia 5 zitafanya kazi ila namba zitayumba kidogo.

Sasa chukua betri ndogo ya volti 1.5 ya rimoti, hasi yake grauni, chanya yake ipitie resista ya 1k mpaka A. Weka mita kwenye volti za DC. Pima betri: itasoma karibu 1.5. Halafu hamisha ncha ya mita uweke upande wa pili wa ile 1k, yani pale A.

Kama A ingekuwa na resistansi ya kawaida ungesoma chini ya 1.5, lazima, maana kitu kinapotea kwenye 1k. Wewe utasoma kama 1.61. Juu ya betri! Angalia vizuri: 1.5 mara 15 gawanya kwa 14 ni 1.607. Ile 0.107 iliyozidi iko kwenye 1k, maana yake mikroampia 107 zinapita, na zinapita kurudi kwenye betri, betri yako ya rimoti inapelekewa umeme badala ya kutoa. Chukua 1.607 gawanya kwa mikroampia 107, ni 15k, na alama ni hasi kwa sababu ya mwelekeo. Mguu wa 6 utakuta kama 4.8, mara 3 ya A kama tulivyosema. Mimi nimefundisha hiki kitu miaka mingi na bado kila mwanafunzi akiona ile 1.61 kwa macho yake anaipima tena mara mbili.

Kitu kimoja cha kuangalia, hii hasi ina mipaka. Autiputi ya 741 kwenye betri za 9 haifiki 9, inaishia karibu na 8, tena betri zikichoka chini ya hapo. Kwahiyo A ikifika kama volti 2.6 autiputi imeshagonga dari na haiwezi tena kukaa mara 3 yako. Kuanzia hapo K kwa mabadiliko madogo ni 0 na unayoiona ni 30k ya kawaida. Yani jibu la mwenzako wa tatu linakuwa sahihi pale opampu inapochoka, mwambie.

Kwenye mtihani andika alama ya hasi wazi mbele ya 15k, usiiache kwa kuogopa mwalimu atadhani umekosea, na chora kishale cha karenti kikitoka A kwenda kwenye chanzo, maana anayesahihisha anatafuta hicho kishale. Ukimaliza kupima, kabla hujavua betri, toa ile 1k weka 22k uone mguu wa 6 unavyoruka kwenda kuganda karibu na 8, halafu rudisha 1k, uiandike namba utakayoipata pale A uniletee pamoja na thamani halisi za resista zako ulizopima moja moja.